Kenya na Tanzania: mbona kondoo wao ni zaidi ya mara mbili ya wetu?

Mfugaji_Longido
Wakuu, habari za jioni. Nataka kununua wanyama 30 nianze upya, na kabla sijaenda mnadani Meserani nimekaa na takwimu za nchi mbili. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu mbuzi milioni 28 na kondoo milioni 19.3. Sensa yetu ya kilimo na mifugo ya 2019/20 ilitoa mbuzi milioni 24.5 na kondoo milioni 8.5. Kwa mbuzi tunakaribiana. Kwa kondoo wametuacha mbali sana, na nchi yao ni ndogo kuliko yetu! Je, wenzetu wameona faida ambayo sisi hatujaiona?

Binti_Kibosho
Kaka, tazama na ng'ombe. Kwenye sensa hizo sisi tulikuwa na milioni 33.9, wao hawakufika milioni 16. Kondoo na ng'ombe wanagombania nyasi zilezile, mbuzi anajitafutia majani juu ya kichaka. Ng'ombe wakijaa, wa kwanza kukosa ni kondoo. Mimi naona jibu lako liko hapo.

Mzee_wa_Weruweru
Binti yangu amesema kweli, ila kuna na ukame. Turkana, Marsabit, Wajir, Mandera, Garissa: huko ng'ombe anateseka, familia inaishi kwa ngamia, mbuzi na kondoo wale wenye kichwa cheusi. Eneo la namna hiyo kwao ni kubwa mno. Mwaka ule wa 2019 Wakenya walikuwa milioni 47.6, na ukijumlisha mbuzi na kondoo wao unapata milioni 47.3. Karibu kila mtu na mnyama wake!

Halafu soko. Mnunuzi wa kutoka ng'ambo ya Namanga namtambua kwa mkono wake. Akifika kwa kondoo anakwenda moja kwa moja kwenye shina la mkia, anabana kwa vidole vitatu, kisha anapapasa mgongo juu ya figo. Asipokuta mafuta anapita bila hata kuuliza bei. Kajiado wamechanganya sana na Dorper, mbegu ya Afrika Kusini, wanapata mwili mkubwa.

Mfugaji_Longido
Shikamoo mzee. Basi ninunue Dorper?

Afisa_Mifugo_Mstaafu
Hapana, subiri kwanza. Dorper ana mwili, lakini minyoo ya tumboni inamwangusha haraka. Kondoo wetu mwekundu wa Kimaasai anaihimili, na hilo watafiti wamelipima wakalithibitisha. Ukiwa na mashaka, vuta kope ya chini ya jicho uangalie ndani: nyekundu, yuko salama, nyeupe kama karatasi, minyoo imemmaliza damu. Nimefungua macho ya kondoo wengi sana, na wale wekundu mara chache walinitia hofu. Inaniuma kuona watu wanahasi madume yao ili kuleta damu ya nje. Tukiwapoteza hatuna pa kuwanunua tena.

Mbuzi naye ana homa yake ya mapafu, ambayo kondoo haimpati mara nyingi. Sotoka ya mbuzi na kondoo inaua wote, kwa hiyo chanja.

MamaBoma
Na msisahau mafuta ya mkia. Mzazi kwetu anapewa mafuta ya kondoo apate nguvu. Hakuna mbuzi wa kuziba nafasi hiyo.

Mzee_wa_Weruweru
Mwanangu, neno moja kuhusu hizo namba za Kenya. Zilihesabiwa kabla mvua hazijakosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020. Kiangazi kikikaza, mbuzi anasimama kwa miguu ya nyuma anachuma mgunga. Kondoo wanasongamana mchana kutwa, kila mmoja kaficha kichwa chini ya tumbo la mwenzake, na nyasi hakuna. Longido mlikiona mwaka 2009.

Mfugaji_Longido
Tulikiona, mzee. Kondoo walitangulia kufa, mbuzi wachache ndio waliotulisha. Basi nimeamua: majike ya mbuzi 20 na beberu mmoja, kondoo wekundu tisa wa Kimaasai, mmoja wao dume. Shida ni dume. Mnadani kila anayeitwa mwekundu ana mkia mwembamba wa Dorper.

Mzee_wa_Weruweru
Usimtafute mnadani. Dume safi hauzwi hovyo, anafuatwa bomani. Omba kumwona mama yake na ndugu zake, na uende alfajiri kabla hawajatoka kwenda malishoni.

Afisa_Mifugo_Mstaafu
Na uangalie kope.