Sikoseli: pesa ya umma iende kwenye uloto au kwenye kipimo cha kila kichanga?

Mleta mada, Kizota

Mbukwenyi wana Dodoma. Juzi kwenye daladala kulizuka ubishi hadi konda akasahau kudai nauli. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa kwetu inapandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye sikoseli (ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu) tangu 2023. Mzee mmoja akasema serikali imwage hela huko, watoto wapone, yaishe. Mama wa kiti cha nyuma akamrukia: watoto wenyewe wengi hawajulikani kama wanaumwa! Nchi hii wanazaliwa na ugonjwa huu kama 11,000 kila mwaka.

Mimi niko na yule mama. Kila kichanga apimwe kabla hajatoka wodini, upandikizaji ufuate. Na sababu yangu kubwa si hela, iko kwenye ngozi ya seli.

Nimekaa maabara miaka kadhaa, nivumilieni kidogo. Kila seli yenye kiini imebeba juu yake molekuli za HLA. Zichukulie kama viganja vilivyokunjwa nusu. Kwenye kiganja kimoja kimelala kipande cha protini, asidi amino nane hadi kumi hivi, kilichokatwa ndani ya seli hiyo na kutolewa nje kionekane. Seli T, askari wa kinga ya mwili, ikipita, kipokezi chake chenye minyororo miwili, alfa na beta, kinapapasa kiganja na kipande kwa pamoja. Kipande peke yake hakitambui. Hata kikishika, seli T haiamki sawasawa mpaka kipokezi kingine, CD28, nacho kipate cha kushika upande wa pili.

Seli hizi zimepita jando kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Inayong'ang'ania viganja vya nyumbani huuawa, isiyovitambua kabisa nayo hufa. Wanaotoka ni wachache (jando la kikatili kweli). Sasa hamisha uloto wa mtu kwenda kwa mwingine: seli T za mchangiaji zilifundwa kwa viganja vya kwao. Zikikuta vigeni, zinashambulia ngozi, utumbo na ini la mgonjwa.

Ndiyo maana anatafutwa ndugu anayelingana. Jeni za HLA zimekaa kromosomu ya 6, zinarithiwa kama furushi, moja la baba na moja la mama. Ndugu wa baba na mama mmoja wanalingana kwa nafasi 1 kati ya 4. Wa baba mmoja mama tofauti, kwa kawaida sahau. Hela hainunui ndugu.

Konda Mstaafu, Makole

Mnazunguka mbuyu. Watu wapimwe kabla ya ndoa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji (wana jeni moja ya sikoseli, wenyewe hawaumwi), kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa. Robo ile ile mnayoililia.

Fundi Sampuli, Nzuguni

Hapana mkuu, ni robo mbili tofauti. Jeni ya sikoseli iko kromosomu ya 11, ya HLA iko ya 6, hazitembei pamoja. Kwa hiyo katika nyumba ya wazazi wabebaji, ndugu kulingana na tena asiwe mgonjwa ni 3 kati ya 16. Mbebaji si tatizo, anaruhusiwa kuchangia. Na kupima kabla ya ndoa ni vizuri, ila uwaambie nini watu wenye mimba ya miezi sita na mahari imeshalipwa?

Ila mleta mada nawe umerahisisha. Siku hizi kuna upandikizaji wa nusu: baba au mama analingana na mtoto kwa furushi moja, anachangia, kisha siku ya tatu na ya nne mgonjwa anapewa saiklofosfamidi inayoua zile seli T zilizoamka kwa hasira. Uloto kukataliwa hutokea zaidi kuliko kwa ndugu anayelingana kamili, sikatai. Lakini usiseme mlango umefungwa. Halafu upimaji wa HLA unatumika pia kwenye figo. Ukiunyima bajeti, umeumiza wagonjwa wawili.

Mama Watatu, Nkuhungu

Shikamooni wakubwa. Mimi sijui kromosomu. Mwanangu alianza akiwa na miezi minane, vidole vya mikono vimevimba kama ndizi kisukari. Juni, upepo huu wetu mnaujua. Zahanati moja wakaniambia ni baridi, nikawa namsugua samli na kumvalisha soksi mikononi. Amegundulika ana miaka minne, damu imeshaisha mwilini.

Mleta mada, Kizota

Pole sana dada. Huoni sasa kwamba unatetea hoja yangu? Angepimwa tone la damu la kisigino siku ya kwanza, angekuwa kwenye penisilini asubuhi na jioni mpaka miaka mitano, maana wengu wa watoto hawa huharibika mapema na bakteria wa nimonia hupita bila kizuizi. Na angeanza haidroksiyurea mapema. Ile dawa inapandisha himoglobini ya utotoni na inapunguza kunata kwa chembe za damu. Kunata huko ndiko kunakoziba mishipa, si umbo la mundu peke yake.

Fundi, ya nusu nakubali, nilikata mno. Lakini kwa 11,000 kwa mwaka bado naanza na kisigino.

Mama Watatu, Nkuhungu

Naitetea nusu kaka. Sasa ana miaka tisa. Kipimo cha kichanga hakimrudishi wodini. Tumepimwa nyumba nzima, aliyelingana ni mdogo wake wa kike. Niende nikamwambie subiri, tunaanza na vichanga?

Konda Mstaafu, Makole

Na huyo binti ameulizwa?

Mama Watatu, Nkuhungu

Ana miaka sita. Nimemuuliza. Hakuuliza habari ya sindano, aliuliza kama akimpa kaka yake, yeye atabaki na nini. Sikuwa na jibu. Fundi nisaidie.

Fundi Sampuli, Nzuguni

Uloto wake utajaa tena ndani ya wiki chache, mama. Nyonga, unakochotwa uloto, zitamuuma siku kadhaa. Mwambie yote mawili.