Kupuliza rangi wateja weupe sana, ndo naanza, nisaidieni

MamaZuu: Dada zangu habarini, niko saluni huku Leeds, bosi kanipa kazi ya kuwapulizia rangi wazungu wanaotaka waonekane wametoka kuota jua. Mteja wa juzi mweupe wa nywele nyekundu, madoadoa mwili mzima, nikampiga dawa ya asilimia 12, jana kanitumia picha kawa chungwa kabisa na viwiko vimekolea kama kaunguzwa, roho imeniuma. Nakosea wapi?

ShangaziK: Pole mdogo wangu. 12 kali mno kwa ngozi ile, anza na DHA (ndo ile dawa yenyewe inayoipa ngozi rangi) ya asilimia 6 mpaka 8. Ile dawa inashikana na ngozi iliyokufa ya juu, sasa penye ngozi kavu na nene, kiwiko, goti, kisigino, ndo inakolea zaidi, paka losheni kidogo hapo kabla hujapuliza, na viganjani usisahau.

Rehema88: Na mteja asugue ngozi siku moja kabla, aje bila diodoranti wala manukato. Bunduki ya kupulizia rangi ishike mbali kama sentimita 20, mkono uwe unatembea tu, ukisimama sehemu moja panachuruzika. Mi nilijifunzia kwenye karatasi ukutani wiki nzima.

ShangaziK: Ukifika usoni afumbe macho na abane pumzi. Na wewe vaa barakoa mdogo wangu, unavuta ule mvuke kutwa! Rangi inakolea taratibu masaa 6 hadi 8, asikurupuke kuoga.

MamaZuu: Asanteni sana, leo naanza na karatasi.