Msaada: niwaueje vifaranga wa sato wa utafiti bila kuwatesa?

Binti_Sato (mtoa mada)
Wakuu, salaam. Nasoma shahada ya pili, na utafiti wangu unahusu chakula cha vifaranga wa sato. Nimewalea mwenyewe wiki 8, maji nabadilisha mwenyewe, na sasa jaribio limeisha. Nina 180 wa sentimita 4 hadi 5 ambao lazima niwapasue nichukue ini na utumbo. Nina pia 40 wa siku 6, ndio kwanza wamemaliza kiini cha yai walichoanguliwa nacho, hao nawataka mwili mzima kwa darubini.

Nilipouliza utaratibu nikaambiwa niwamwage kwenye sinia, watakufa wenyewe. Nikajaribu kwa watano. Dakika kumi zilipita bado wanatweta, mashavu yanafunguka na kufunga. Nikashindwa kuendelea. Kuwaua kumo kwenye kibali changu na nakuelewa. Ninachoomba ni njia isiyowatesa, tena inayowezekana kwenye maabara yenye bajeti ndogo.

Mwana_Kirumba
Barafu, dada. Ndoo ya maji, barafu nyingi, watumbukize. Kazi imeisha.

Danio2
Hapo kwenye barafu tusimame kidogo. Nimefanya kazi miaka minne kwenye maabara ya danio huko Uholanzi. Danio ni kasamaki ka maji ya joto, na akiingizwa ghafla kwenye maji ya nyuzi 2 hadi 4 anapoteza fahamu upesi sana. Ndiyo maana mwongozo wa chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wa mwaka 2020 unairuhusu njia hiyo, lakini kwa samaki wa maji ya joto asiyezidi sentimita 3.8, na barafu yenyewe isimguse mwili. Wale 180 wako wamepita kipimo hicho. Halafu utafiti mwingi wa njia hii umefanywa kwa danio, si kwa sato. Kumweka samaki kwenye friza apoe polepole ndiyo kabisa usifanye.

Kwetu tulitumia trikaini, dawa ya kulaza samaki, miligramu 250 hadi 500 kwa lita. Ni dawa yenye asidi, kwa hiyo lazima uiondoe asidi hiyo kwa sodiamu bikaboneti mpaka pH, yaani kipimo cha asidi, ifike 7 hadi 7.5. Ukisahau hilo, maji yenyewe yanawaunguza kabla dawa haijawalaza.

Mzee_wa_Mwalo
Samaki hana maumivu jamani. Sisi tunavua maelfu kila usiku.

Danio2
Mzee wangu, shikamoo. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland walionyesha kwamba trauti ana neva za kuhisi maumivu. Waliochomwa asidi mdomoni walihema kwa kasi, wakakawia kurudi kwenye chakula, na wengine wakawa wanasugua midomo kwenye kokoto. Mvuvi anatafuta riziki, simlaumu. Huyu dada yuko maabara, ana muda na ana vifaa, na samaki hawa wamemtumikia yeye.

Mpemba_wa_Wete
Trikaini ni ghali na kuiagiza ni safari. Tumia mafuta ya karafuu, huku kwetu yanakamuliwa mpaka kwenye makonyo. Kinacholaza ni eujenoli iliyomo ndani. Kwa kuua, weka kama mililita 0.4 kwa lita moja, yaani karibu mara kumi ya dozi ya kulaza tu. Ila yasidondoshwe kwenye maji moja kwa moja, yataelea juu kama mafuta ya taa. Changanya kwanza sehemu moja ya mafuta na tisa za ethanoli, tikisa mpaka yachanganyike, ndipo umimine. Nunua yaliyo safi. Ya kuchulia yaliyochanganywa na mafuta mengine hayatakupa dozi unayoidhani.

Tumia maji ya tangi lao lenyewe, joto lile lile. Waingize wachache wachache.

Binti_Sato
Asanteni sana. Nitajuaje kwamba wamekufa, na hawajalala tu?

Danio2
Swali zuri, hapo ndipo wengi hukosea. Vifuniko vya mashavu vikisimama kabisa, anza kuhesabu dakika 10 nyingine wakiwa bado ndani ya dawa. Kisha mkate kila mmoja nyuma ya kichwa na uharibu ubongo kwa sindano kabla ya kupasua. Samaki aliyelazwa akirudishwa kwenye maji safi huamka, kwa hiyo usiruke hatua hiyo.

Wale wa siku 6 ni kesi nyingine. Wachanga hivyo hupata oksijeni hata kupitia ngozi, kwa hiyo mashavu kusimama hakukuambii kitu. Waache ndani hata saa nzima, uangalie moyo kwa darubini. Ukisimama, ndipo uwaingize kwenye fomalini ya kuwahifadhi. Usiwaweke kwenye fomalini wakiwa na fahamu, tafadhali sana. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2010 kuhusu wanyama wa utafiti inawalinda samaki wachanga tangu wanapoanza kujilisha, na hao wako wameshafika hapo.

Mwisho, makundi yote ya chakula yauawe kwa njia moja, la sivyo vipimo vya ini vitavurugika. Mabaki yachomwe au yafukiwe, paka wasipate.

Binti_Sato
Mrejesho. Leo nimeanza na kundi la kwanza, 30, kumi kwa mara moja. Walilegea upesi, wakalala ubavu, hakuna aliyeruka. Nilihesabu dakika 10 kwa saa ya simu, kisha nikamalizia kwa sindano mmoja mmoja. Mikono ilitetemeka kwa watatu wa mwanzo. Msimamizi wangu alikuja kuangalia, akaniomba nimwandikie utaratibu wote ubandikwe ukutani. Wale 40 ni Alhamisi, darubini nimeshaiwekea nafasi asubuhi. Mpemba, mafuta yamebaki kidogo. Chupa nyingine naipataje nikiwa Morogoro?