Naomba ushauri: fuvu la babu yetu huenda liko Berlin, ukoo haujakubaliana kuhusu DNA

Wakubwa shikamooni, wengine salaam.

Sisi ni wa Old Moshi. Wazee wanasema babu wa babu yetu alinyongwa na Wajerumani Machi 1900 pamoja na Mangi Meli, chifu wetu wa Kichagga, na kichwa chake kikachukuliwa. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kuwa baadhi ya mafuvu waliyo nayo yameoana kwa DNA na watu walio hai huku Tanzania. Tangu hapo vikao vya ukoo haviishi.

Baba mdogo anataka tutoe mate yapimwe. Shangazi kagoma kabisa: hao hao kina Felix von Luschan, mtafiti wa makumbusho ya Berlin enzi za ukoloni, walikusanya mafuvu kwa maelfu wakipima rangi za watu, leo tuwapelekee na mate? Kusema kweli hoja yake ina uzito, ingawa mimi niko upande wa baba mdogo.

Naomba aliyepitia hili anieleze: mnaanzia wapi, ubalozini, Makumbusho ya Taifa au Berlin moja kwa moja? Mkataba wa kulinda sampuli mliuandikaje? Na kwa kuwa anayetafutwa ni mwanamume, ni lazima apimwe mtu wa uzao wa kiume mtupu?

Likipatikana, kuna ugomvi mwingine: tulizike kimila kihambani (shamba la ukoo) kwenye masale, mmea wetu wa heshima, au kwa ibada ya Kilutheri, dini tuliyoletewa na Wajerumani wenyewe? Waliofanya yote mawili, mlianza na lipi?