Naomba ushauri: kuunga sakafu mpya ya mbao na ya zamani

Habari zenu wakuu. Nyumba ya marehemu babu hapa Moshi, sebule ina sakafu ya mninga, mbao za ulimi na mfereji (ubavu wa moja unachomekwa kwenye mwenzake). Nimebomoa ukuta wa chumba cha pembeni, nataka sakafu iwe moja. Shida ni kwamba za zamani zimepigwa msasa miaka na miaka, zimebaki unene wa milimita 19; mpya ni 22. Ukipita peku, kidole kinagonga.

Fundi anasema tuweke kipande cha mbao pale katikati, yaishe. Mimi naona kitakaa kama kovu. Nawaza nifumue ncha za zamani, nizipishanishe na mpya, kisha msasa na vanishi kote. Au mpya zirandwe kwa chini kwanza? Na masika haya, zikae ndani muda gani kabla ya kupigiliwa?