Ukoo wa Mzee Masanja: pampu ya mwalo

Doto: Shikamooni wakubwa. Tunatafuta pampu ya petroli kwa ajili ya mialo, yaani zile mbao za mteremko zenye kapeti za kuoshea mchanga wa dhahabu, kule Nyarugusu, Geita. Dukani Katoro wananiambia chukua ya inchi tatu, eti maji mengi dhahabu nyingi. Mjomba Shija, shangazi, mnasemaje?

Mjomba Shija: Marahaba. Huyo anauza pampu, haoshi mchanga. Nipe vipimo kwanza: kutoka pampu itakapokaa hadi uso wa maji ni mita ngapi kwenda chini? Hadi mwaloni ni mita ngapi kwenda juu? Bomba refu kiasi gani? Mialo mingapi kwa wakati mmoja?

Doto: Chini mita 3 kiangazi. Juu kama mita 10. Bomba mita 80. Mialo miwili ya kapeti, kila mmoja upana nusu mita. Mchanga ni wa karasha (mashine ya kusaga mawe), si wa mtoni.

Shangazi Kabula: Kama ni wa karasha, maji ya inchi tatu yatakupelekea dhahabu yote kwenye marudio, mchanga unaotupwa baada ya kuoshwa 😅 Mchanga uliosagwa una dhahabu laini kama unga, haitaki kusukumwa. Juu ya kapeti maji yawe membamba kama tandabui, kina cha milimita 5 hivi, yaende mwendo wa mtu anayetembea pole. Kwa upana wa nusu mita hiyo ni kati ya lita 120 na 150 kwa dakika. Mialo miwili ni lita 250 mpaka 300. Basi.

Shangazi Kabula: Halafu msielekeze bomba la pampu moja kwa moja kwenye kapeti. Pampu inapumua, resi ikipanda na kushuka maji yanakuja kwa mawimbi, na kila wimbi linafagia kapeti. Wekeni simtanki ya lita 1,000 juu ya jukwaa la mita 2, chini yake koki mbili, kila mwalo na koki yake. Pampu inajaza tanki, tanki ndilo linaloosha.

Kulwa: Kwa hiyo kimo kinakuwa mita 12 sasa, si 10

Mjomba Shija: Umeanza kuelewa. Tupige hesabu. Kunyonya 3, kupandisha 12, hiyo 15. Sasa msuguano ndani ya bomba, ambao watu wengi hawauhesabu. Lita 250 kwa dakika kwenye bomba la inchi 2, urefu mita 80, zinakula kama mita 8. Viwiko na koki weka mita 2. Jumla 25.

Bomba la inchi moja na nusu kwa maji hayohayo linakula karibu mita 30, msuguano peke yake. Ndiyo maana mtu ananunua pampu nzuri, anaunga kwenye mpira mwembamba aliokuwa nao nyumbani, halafu anasema pampu haina nguvu.

Doto: Pampu ya inchi 2 dukani imeandikwa kimo mita 32, maji lita 600 kwa dakika. Si inatosha na kubaki?

Mjomba Shija: Hizo namba mbili hazipatikani kwa pamoja. Lita 600 ni pale isipopandisha chochote, na mita 32 ni pale ambapo maji yamesimama kwenye bomba, hayatoki hata tone. Wewe uko katikati. Mwombe muuzaji kile kitabu kidogo, kina mchoro wa mstari unaoshuka. Soma kwenye mita 25 uone unapewa lita ngapi.

Tena punguza, kwa sababu uko juu. Geita ni zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na injini ya petroli hupoteza nguvu kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300. Hapo kwako ni asilimia 14 hivi. Mita 32 za kwenye karatasi usizitegemee zote.

Doto: Kwa hiyo ninunue kubwa zaidi?

Mjomba Shija: Hapana, ongeza bomba. Chukua poli nyeusi (bomba la plastiki) ya milimita 63, ile ambayo ndani inabaki kama milimita 56. Msuguano unashuka kutoka mita 8 hadi 4 na nusu. Jumla inakuwa 21 na ushee, na pampu ya inchi 2 yenye injini ya farasi 5.5 inafanya kazi bila kuhema. Bomba unalipia mara moja, petroli ya injini kubwa unalipia kila siku. Injini ya saizi hiyo ikibebeshwa mzigo wote inakunywa lita moja na nusu hivi kwa saa.

Shemeji Juma: Samahani wakubwa, na mimi nina langu. Duara letu, shimo la kuchimbia, lina maji, kina mita 14. Pampu hiyohiyo ya Doto tukiiazima itanyonya?

Mjomba Shija: Haitanyonya. Pampu haivuti maji, inatoa hewa kwenye mpira, halafu uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Kwa mwinuko wetu hata pampu isiyo na dosari haiwezi kupita mita 9. Kwa kazi ya kawaida usipite 5.

Shemeji Juma: Basi tunaishusha na kamba mpaka mita 10

Mjomba Shija: SHEMEJI USIFANYE HIVYO. Injini ya petroli haiingii duarani hata kwa dakika tano. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inabaki mle shimoni hata baada ya kuzima, na anayeshuka kumwokoa mwenzake anaanguka juu yake. Tafuta pampu ya umeme ya kuzama, ya maji machafu. Jenereta ikae juu, upande ambao upepo hausukumi moshi kuelekea mdomo wa duara. Jenereta iwe na uwezo mara mbili au tatu ya wati za pampu, maana pampu ikianza inavuta umeme mwingi. Waya usiwe na kiungo ndani ya maji, na umeme upite kwenye swichi ya kukata unapovuja.

Shangazi Kabula: Juma umesoma? Jibu.

Shemeji Juma: Nimesoma shangazi 🙏

Kulwa: Mjomba, ile ya jirani injini inaunguruma vizuri tu lakini maji hayaji. Wamebadilisha plagi na kusafisha kabureta

Mjomba Shija: Injini ikiunguruma usiiguse. Angalia upande wa kunyonya, shida iko huko karibu kila mara.

Kwanza, je, walijaza maji kwenye tumbo la pampu kabla ya kuwasha? Pampu hizi zinajinyonyea zenyewe zikiwa na maji ndani, si zikiwa kavu. Pili, mpira wa kunyonyea uwe mgumu wenye ribu, inchi sawasawa na mdomo wa pampu. Mpira laini unajibana wenyewe. Tatu, ulale ukipanda tu kuelekea pampu. Ukiwa na nundu iliyo juu kuliko pampu, hewa inakaa pale. Nne, ile washa (pete) ya mpira ndani ya nati ya kuungia. Ikipotea au ikikauka pampu inavuta hewa, na hutaona tone likivuja kwa sababu hewa inaingia, maji hayatoki.

Kulipata tundu: funga futivalvu (valvu inayozuia maji yasirudi) upande wa chini, inua mpira wima, ujaze maji, subiri. Panapotoka jasho ndipo penye tatizo. Sehemu zenye nyuzi funga tredi tepu, kwenye mpira weka klempu mbili.

Kulwa: Na wao wameiwasha kavu dakika kadhaa wakisubiri 😬

Mjomba Shija: Basi waangalie sili, kizuizi cha maji kati ya pampu na injini. Inapozwa na maji yanayopita, ikikaa kavu inaungua upesi. Dalili ni maji yanayodondoka chini, katikati ya injini na pampu. Wakiyapuuza yanaingia kwenye beringi na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Kubadilisha si kazi ya siku nzima. Fungua bolti za tumbo, impela (gurudumu linalosukuma maji) inafunguka kinyume cha saa, mara nyingi kwa kugonga kidogo na nyundo ya mbao. Sili ina nyuso mbili, ya kauri na ya kaboni. Usizishike kwa vidole vyenye oili au grisi, zipake maji safi tu. Shimu (vibati vyembamba) za nyuma ya impela zirudi zote. Kabla ya kufunga kamba ya kuwashia, zungusha kwa mkono. Ukisikia inakwaruza, fungua tena.

Doto: Mchanga je? Bwawa letu lina tope

Shangazi Kabula: Chimbeni mashimo matatu ya kutulizia. Maji ya mwaloni yanaingia la kwanza, yanamwagikia la pili, pampu inanyonya la tatu. Maji mazito kama uji yanabeba dhahabu laini yasiiachie kapeti, kwa hiyo hii si kwa ajili ya pampu peke yake. Na zebaki isisogee mwaloni, itazunguka kwenye maji hayohayo mnayoosha. Mashimo yawe zaidi ya mita 60 kutoka mtoni, sheria ya mazingira inasema hivyo, na kibali cha kutumia maji ni cha bodi ya maji ya bonde, hakimo ndani ya leseni ya madini.

Mjomba Shija: Chujio lining'inie kwenye dumu tupu la lita 20 linaloelea, sentimita 30 chini ya uso wa maji. Lisilale chini kabisa. Mchanga unakula ncha za impela na ukuta wa tumbo, nafasi inapanuka, maji yanapungua pole pole mpaka mnadhani injini imechoka. Pampu ya maji machafu inapitisha kokoto kubwa, lakini nayo inaliwa na mchanga mkali vilevile.

Doto: Injini nayo?

Mjomba Shija: Oili 10W-30, kama lita 0.6. Ya kwanza mwaga baada ya saa 20, baadaye kila saa 100. Kwa vumbi la karasha, kichujio cha hewa kiangalie kila siku, cha sponji kioshe kwa sabuni, kikauke, tia matone ya oili, kamua. Plagi pengo milimita 0.7 hadi 0.8. Petroli ya kwenye chupa za barabarani ichuje kwa kitambaa, iache itulie, maji yakae chini. Mkisimamisha kazi zaidi ya mwezi funga koki ya petroli, acha injini izime yenyewe, kisha fungua kizibo cha chini ya pampu maji yatoke.

Kulwa: Na ile ya kuzima zima yenyewe oili ikiwa imejaa?

Mjomba Shija: Imekaa kwenye mteremko. Kihisi cha oili kinadhani imekwisha. Isawazishe kwenye ubao.

Doto: Naondoka kesho asubuhi. Spea gani nichukue hukohuko?

Mjomba Shija: Sili moja ya modeli hiyohiyo, washa za mpira nne, plagi moja, kamba ya kuwashia mita 2, klempu. Na kabla hujalipa ifungue mdomo, ingiza kidole uone kama impela ni chuma au plastiki.

Shangazi Kabula: Nipigie ukifika dukani niongee na huyo wa inchi tatu.