Naomba ushauri: Mama wa miaka 71, Nairobi hadi New York, apande ndege ya moja kwa moja?

Habari zenu wanajamvi. Shikamooni wakubwa.

Mama yangu anatoka Nairobi kwenda New York mwezi wa saba, dada yangu amejifungua. Atasafiri peke yake. Ana kisukari, anachoma insulini asubuhi na usiku, na akikaa muda mrefu miguu humvimba.

Ndege ya moja kwa moja inakata karibu kilomita 11,800, kama saa 15 hewani bila kushuka. Kupitia Amsterdam ni saa 8 na kidogo, anapumzika, kisha nyingine 8 hivi. Doha nimeiacha, maana kutoka pale hadi New York bado ni kama saa 14, sasa nafuu iko wapi?

Daktari ameshauri soksi za kubana, maji ya kutosha na kutembeatembea ndani ya ndege. Kiti cha magurudumu tutaomba. Kinachonitia hofu ni uwanja mkubwa wa kigeni. Mama Kiingereza chake ni cha kuombea maji tu, akipotea pale sijui atamuuliza nani.

Waliowahi kusafirisha wazazi: kwa mgonjwa kama huyu, mlichagua saa 15 mfululizo au kuigawa safari? Na kwa kuwa New York iko nyuma yetu kwa saa 7 majira hayo, sindano mlizipangaje siku ya safari? Daktari nitamrudia kabla ya tiketi, ila nataka kumwendea na maswali ya waliopitia.

Natanguliza shukrani.